Kitambaa cha Jirani wa Ziwani

Juzi nilialikwa kwenye shule moja ya msingi huko Donholm, niwasomee watoto kitabu changu. Unanijua, mimi nikialikwa mahali hufika mapema kupita kiasi, halafu sijui pa kujiweka. Siku hiyo nilifika wakati wa chakula cha mchana, nikasimama kando ya jiko la shule nikimsubiri mwalimu mkuu amalize mkutano wake. Watoto walikuwa wamepanga foleni ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, sahani za chuma mikononi. Nikaona kitu. Kila mtoto aliyekaribia sufuria aligeuka, akampa mpishi mgongo, akainua sahani mbele ya uso wake, akaanza kurudi kinyumenyume huku akichungulia ndani ya ile sahani. Akifika, anainyoosha nyuma bila kugeuza shingo. Mpishi, mama wa makamo aliyefunga kitambaa chekundu kichwani, anapakua bila neno. Mtoto anatimua mbio na wenzake wanacheka.

Mvulana mmoja alisahau akamtazama mpishi usoni. Foleni nzima ikamwambia amekwisha, amekuwa jiwe, naye akajikaza akasimama wima na githeri yake hadi mwalimu wa zamu alipomfokea. Mchezo ule niliubuni mimi, mtaani kwetu Ziwani, nikiwa darasa la tano. Na nikiwa mtu mzima nikauandika, ukiwa umepambwa vizuri, katika kitabu ambacho shule ile ilikuwa imewanunulia watoto wa madarasa mawili.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana sijawahi kumsimulia mtu jambo hili likiwa zima.

Ziwani ya wakati huo unaikumbuka, au kama huikumbuki basi jaribu kuiona: mistari ya nyumba ndogo za zamani, milango iliyotazamana, kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Asubuhi ilianza kwa nyundo za mafundi wa mabati upande wa Gikomba, kisha harufu ya vitunguu vikikaangwa, kisha mama wa mandazi akipita na beseni lake. Mimi nililelewa na nyanya yangu, mama yake mama. Aliamka kabla ya watu wote, akawasha jiko la makaa nje ya mlango, na uji wake ulikuwa mchachu kiasi cha kukufumbisha jicho moja. Kazi zangu zilikuwa tatu: kufagia, kusugua sufuria kwa jivu, na kwenda bombani. Sufuria za nyanya zilisuguliwa hadi ukaweza kuhesabu meno yako kwenye kifuniko. Nakuomba ukumbuke kile kifuniko.

Bomba lilikuwa moja kwa mistari minne ya nyumba, na maji yalikuja Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, basi. Mitungi ya lita ishirini ilipangwa tangu mapema, kila mmoja ukimshikia mwenyewe nafasi. Kanuni ilikuwa hii: zamu yako ikifika, unasimama na mtungi wako hadi ujae. Ukiondoka bombani kwa sababu yoyote ile, mtoto akilia, ugali ukiungua, unarudi mwisho wa foleni. Na mwisho wa foleni mara nyingi haukupata maji. Mlinzi wa kanuni hiyo alikuwa nyanya yangu. Hakuchaguliwa na mtu. Alikaa tu kwenye kigoda chake kando ya bomba na wote wakamwogopa. Aliwahi kumrudisha mwisho mwanamke aliyekuwa na mimba ya miezi minane kwa kuwa alikwenda kujisaidia. Mimi nilimwonea fahari.

Sasa mwalimu wetu wa darasa la tano. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti lililomzidi, na alikuwa na kitabu kisicho na jalada ambacho hakumwazima mtu. Ijumaa mchana, tukiwa tumechoka, alikifungua na kutusomea visa vya Wayunani wa kale, akitafsiri papo hapo. Kulikuwa na jitu la jicho moja lililokula wageni wake. Kulikuwa na mtu mwenye kichwa cha fahali, aliyefungiwa ndani ya nyumba yenye njia nyingi kiasi kwamba anayeingia hatoki. Na kulikuwa na mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye ukimtazama machoni unageuka jiwe. Majina yao yalitushinda, hivyo tukawaita Jicho Moja, Ng'ombe-Mtu na Mama Nyoka. Mashujaa nao walikuwa vijana wazuri wenye panga, na wote walirudi nyumbani wakiwa wamebeba kitu kilichokatwa.

Mwalimu alisema kwamba kila aliyeandika hadithi baada ya hao Wayunani amekopa kwao, ajue asijue. Alisema ukisoma popote juu ya msichana anayetolewa kwa zimwi, au kijana anayetumwa mahali ili afe na akarudi mzima, ujue yametoka katika kitabu kile. Nilimwamini kabisa. Siku hiyo ndipo nilipoamua nitakuwa mwandishi, na ndipo nilipoanza kuwatafuta mazimwi.

Hawakuwa mbali. Jicho Moja tulimpata mara moja: fundi viatu wa kona, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe. Tulikuwa tukimtupia mawe madogo kutoka upande asioona. Lakini Mama Nyoka ndiye aliyetakiwa hasa, na nilimpata mimi. Alikuwa jirani wa nyumba ya mwisho mstarini kwetu, mama mmoja kutoka magharibi ya nchi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi huko mtaa wa Baba Dogo na sasa aliwafulia watu nguo. Hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa kichwani. Kilikuwa cha buluu chenye maua ya njano, kimefungwa chini hadi kwenye nyusi, na upande mmoja kiliinuka kwa namna fulani, upande wa pili kikalala. Niliwaambia wenzangu kwamba kile kilichoinuka kinapumua.

"Usimcheki, utakuwa jiwe." Hayo yalikuwa maneno yetu, yaani usimtazame, kila alipotokea. Akija bombani, watoto wote foleni nzima tulimpa mgongo, tukainua vifuniko vya sufuria na kumtazama humo, kama shujaa wa mwalimu alivyomtazama zimwi ndani ya ngao yake iliyong'aa. Watu wazima walidhani ni upuuzi wa watoto. Yeye alitusalimu kila mara. "Hamjambo wanangu?" Tuliitikia kwa migongo.

Alikuwa na binti. Binti huyo alikaa nami dawati moja, tukala chakula kwenye kopo moja, na alikuwa na kicheko cha kukohoa ambacho hata leo nikikisikia kwa mtu mwingine nageuka. Mchezo ulipoanza hakusema kitu. Wiki ya pili nilimwona bombani, kifuniko mkononi, amempa mama yake mgongo pamoja na sisi. Aliniomba basi naye siku moja awe shujaa. Nilifikiri kidogo, au nilijifanya kufikiri, kisha nikamjibu mbele ya wote: "Mtoto wa zimwi hawezi kuwa shujaa." Walicheka. Yeye pia alicheka, kile kicheko cha kukohoa.

Shujaa nilikuwa mimi, na shujaa hurudi na kichwa. Walianza kuniuliza lini. Ukiwa kiongozi wa watoto wenzako, rafiki yangu, swali hilo linakunyima usingizi.

Ikafika Jumamosi. Maji yalikuja membamba, foleni ilikuwa ndefu hadi karibu na vyoo, na kina mama walikuwa na hasira ya jua. Zamu ya jirani ilipofika aliweka mtungi wake chini ya bomba akainama kuushikilia. Nilitoka kwenye foleni kinyumenyume, kifuniko cha nyanya usoni, nikimwona humo mdogo na wa buluu. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Nilipomfikia nilinyoosha mkono nyuma, nikashika fundo la kitambaa na kuvuta. Halafu niligeuka, kwa sababu nilitaka kuona nyoka.

Upande mmoja kulikuwa na nywele, zimesukwa mistari mitatu mizuri. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Kuanzia juu ya sikio hadi utosini ilikuwa ngozi iliyokunjamana, ya waridi mahali na nyeusi mahali, na sikio lenyewe lilikuwa nusu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mashine ya kusokota nyuzi ilimshika nywele na kuondoka nazo pamoja na ngozi, na kwamba kiwandani walimpa mshahara wa mwezi ule na kumwambia apumzike. Wakati ule niliona tu kile nilichokiona. Watoto karibu wote walikuwa wameshusha vifuniko. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyekimbia ila mimi. Hata mimi nilikimbia hatua chache tu, nikasimama na kitambaa mkononi.

Jirani alijifunika kichwa kwa mikono miwili. Mtungi ukaanza kuinama na maji kumwagika, ikabidi aushike tena kwa mkono mmoja. Akamgeukia nyanya yangu.

"Shosho, wacha nikimbie nijifunike, narudi saa hii."

Nyanya alikuwa ameona kila kitu. Alikuwa ameniona mimi. Nafikiri, na nimelifikiria hili miaka mingi, kwamba aliona aibu kwa ajili yangu na hakujua pa kuiweka ile aibu mbele ya watu wale wote. Kwa hiyo akaiweka kwenye kanuni.

"Ukitoka, umetoka," alisema. "Ni kwa wote."

Jirani alibaki. Alikuwa na nguo za watu za kufua siku hiyo, na bila maji hapakuwa na chakula kwao. Akaondoa mkono kichwani, akaushika mtungi kwa mikono yote miwili, na foleni nzima ikamtazama hadi lita ishirini zikajaa. Maji yalikuwa membamba, nimeshakwambia. Binti yake alikuwa wa nne kutoka kwangu, kifuniko bado usoni.

Kile kitambaa tulikifunga kwenye kijiti tukakizungusha nyuma ya vyoo tukiwatisha watoto wadogo. Ndiyo, baada ya kuona. Ningependa kukuambia kwamba tulikirudisha hapohapo, lakini tulikuwa na gwaride la ushindi lililotungwa siku nyingi na hatukutaka lipotee.

Jioni nyanya alinichapa, si sana. Kisha akanipokonya kitambaa, akakifua kwa sabuni ya kipande, na kilipokauka Jumapili mchana akakipiga pasi ya makaa, akikunja pembe kwa pembe. Akaniambia nikipeleke, nipige magoti, niombe msamaha. Yeye hangekwenda. Yeye alikuwa mlinzi wa bomba.

Nilifika hadi mlangoni pao. Mlango ulikuwa umeegeshwa na nilisikia wakiongea ndani. Mama alikuwa anauliza kama mimi na bintiye tumekosana, kama labda yeye mzazi alinikosea kitu. Binti akamjibu kwamba hapana, ulikuwa mchezo tu, na kwamba mimi si mbaya. Nilisimama pale na kitambaa chenye joto la pasi, na mkono haukuinuka kubisha. Nilikwenda nyuma ya vyoo, nikakisukuma kwenye mtaro hadi kikazama. Nikarudi nyumbani nikasema nimempa. Nyanya akauliza amesemaje. Nikasema amesema asante.

Jumatano jirani alikuja bombani amejifunga taulo. Taulo la kuogea, lililochakaa, likimteremka kila akiinama. Hakuwa na kitambaa kingine. Nyanya alimtazama kutoka kwenye kigoda na nikaona uso wake ukibadilika. Kumbuka, kwake yeye kitambaa kilikuwa kimefika, kimefuliwa na kupigwa pasi kwa mikono yake, na hapa mwanamke amekuja na taulo ili mtaa mzima uendelee kumwonea huruma. Alisema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba kuna watu wakitendewa wema wanauficha kabatini ili wenzao waonekane wabaya. "Nimekupelekea kitambaa chako na mjukuu wangu amepiga magoti kwako," alisema, "wataka nini tena?"

Jirani aliinua macho. Hakumtazama nyanya, alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kigoda na mkojo ulinitoka kidogo, nakuambia ukweli. Neno moja tu lingetosha, na nyanya angenichuna ngozi. Aliniangalia muda mrefu, uso wake wa kawaida tu, umechoka. Kisha akasema:

"Asante, Shosho. Kilifika."

Basi. Akajaza mtungi wake, taulo likateremka, akalipandisha. Tangu siku ile nyanya hakuitikia salamu yake, na kina mama waliomwogopa nyanya nao wakaacha kuitikia. Wale waliokuwa wakimpa nguo za kufua wakapungua mmoja mmoja. Hakuna aliyetoa amri. Haikuhitajika.

Mwisho wa muhula mwalimu alitupatia insha, tuandike kisa cha shujaa. Niliandika cha Ziwani. Kulikuwa na bomba lililolindwa na Mama Nyoka, na watoto waliokuwa na kiu, na msichana mmoja jasiri mwenye kifuniko cha sufuria. Katika insha yangu nyoka walikuwepo, saba, na kichwa kilikatwa, na maji yakatoka. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alisema hivyo ndivyo fasihi inavyokua, ya kale ikipata mavazi mapya. Darasa lilipiga makofi, na kwa kuwa binti wa jirani alikaa dawati moja nami, makofi yale yalimpiga naye usoni. Aliendelea kuchora mstari kwenye ubao wa dawati kwa ncha ya kalamu. Muhula uliofuata nafasi yake ilikuwa tupu. Watu walisema wamerudi magharibi, wengine wakasema wamehamia Baba Dogo, na sikuuliza mara mbili.

Nikiwa chuoni ndipo nilipokisoma kisa cha Mama Nyoka chote, kutoka kitabu chenye jalada. Kuna ukurasa mwalimu alikuwa akiuruka. Unasema kwamba mwanamke yule alikuwa msichana mzuri, na nywele zake ndizo zilizosifiwa. Kwamba alifanyiwa unyama na mwenye nguvu, na aliyeadhibiwa akawa yeye. Unasema shujaa alimkata kichwa akiwa amelala. Yule mwenye kichwa cha fahali naye alizaliwa hivyo, akafungiwa gizani kwa sababu ya aibu ya wazazi wake. Niliusoma ukurasa ule mara nyingi. Nililia, nikajiona mtu mwema kwa kulia. Kisha, miaka kadhaa baadaye, mchapishaji aliponiomba kisa cha watoto chenye mazingira ya mtaani, niliitoa ile insha, nikainyoosha, na ule ukurasa nikauruka kama mwalimu wangu. Watoto wanapenda shujaa. Kitabu kimechapishwa mara kadhaa.

Turudi Donholm. Niliwasomea. Nilipofika mahali pa kifuniko walisimama wote juu ya viti. Baadaye, nikisubiri gari, nilikwenda jikoni. Sijui nilikuwa nimepanga kusema nini. Mpishi alikuwa akisugua sufuria kubwa, ameinama nusu yake ndani. Aliponiona alifuta mikono na kunisalimu kwa heshima, akanivutia kiti.

"Ni wewe uliandika kile kitabu, Madam?"

Nikasema ni mimi. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba watoto walianza kumwita lile jina, Mama Nyoka, tangu muhula uliopita. Alidhani amewakosea. Akamuuliza mmoja, akaonyeshwa kitabu, akaona picha ya yule mwenye kitambaa. Alisema mjukuu wake mwenyewe anasoma pale, darasa la nne, na siku hizi naye huja kuchukua chakula kinyumenyume.

Halafu akafungua kile kitambaa chekundu. Alifanya taratibu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari. Akasema kwamba kichwani kwake hakuna kitu, ni mvi tu na baridi ya asubuhi, nimtazame kisha nikawaambie watoto, maana mimi wataniamini.

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji, imepigwa maji, na punje za mahindi zilikuwa zimekwama kwenye ufa. Nilizihesabu. Nilijua kwamba ni mvi tu, alikuwa ameshaniambia. Shingo haikuinuka.

Nyanya alishakufa, akiamini hadi mwisho kwamba jirani yule alikuwa mtu asiye na shukrani. Bomba la Ziwani liling'olewa, na siku nilipopita hapo sikuweza kutambua mstari wetu ulikuwa wapi. Fundi viatu, mwalimu na kitabu chake, mama wa mandazi, wote wamekwenda, na jirani na bintiye sijui waliko. Kitambaa kimeoza kwenye mtaro. Yeyote aliyeweza kunihukumu au kunisamehe hayupo tena, na kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa linanipa nafuu.

Mpishi alisubiri na kitambaa mkononi. Nje kengele ililia, nikasikia watoto wakipanga foleni kurudi darasani.

"Madam," akasema, "mbona hata wewe huniangalii?"